Kisanduku Chekundu Kwenye Kioo cha Mama Bosi

Kisanduku chekundu kilijitokeza tena saa nne na dakika ishirini asubuhi, Mama Bosi akiwa katikati ya kadi ya mzee mmoja mwenye presha. Kililia ting, kama kijiko kilichoangukia sakafuni, kikakaa katikati ya kioo na kufunika jina la mzee, uzito wake na tarehe aliyotakiwa kurudi kliniki. Maneno yalikuwa yale yale ya tangu jana: Jaribio la kuingilia kompyuta hii kupitia mtandao limezuiwa. Chini yake tarakimu zilizotenganishwa kwa nukta, na chini ya tarakimu kitufe kimoja tu, kilichoandikwa Sawa.

"Si sawa hata kidogo," Mama Bosi alikiambia. Kisha akabonyeza Sawa, maana hapakuwa na kingine cha kubonyeza.

Programu ya kazi nayo ikajifunga, kama ilivyozoea kila onyo likitokea. Kadi ya mzee ikapotea, ikabidi aanze upya: jina, umri, uzito, presha.

Huyu Mama Bosi hakuwa bosi wa mtu yeyote. Bosi ni binti yake, mtoto wa miezi minane, aliyepewa cheo hicho na baba yake wiki ya kwanza tu alipoletwa nyumbani, maana alikuwa akilia mara moja watu wazima wawili wanagongana mlangoni. Jina likamkaa mtoto, likampanda na mama. Hata kinyozi wa pale mbele ya nyumba alikuwa akimwona anapita na beseni la nguo anasema, "Wakubwa wanapita, tupisheni."

Shule alisoma ya msingi, akaishia hapo. Lakini kabla ya kuolewa alikaa miaka minne kwenye duka la kuchapa barua na kutoa nakala, na vidole vyake vikajifunza vyenyewe. Alikuwa anaweza kuchapa huku anamwangalia mteja usoni. Ndiyo maana alipata kazi hii: hospitali moja ilikuwa na makabati ya kadi za zamani, zimeandikwa kwa mkono, na ofisi iliyopewa kazi hiyo ikawa inatafuta watu wa kuzichapa wakiwa majumbani mwao. Picha za kadi zinaletwa kwa mtandao, wewe unasoma, unachapa, unatuma. Kanuni zilikuwa tisa, kwenye karatasi moja. Alizosoma akazishika kichwani zilikuwa mbili: mlango wa chumba cha kazi ufungwe, na mtu mwingine asiwemo. Magonjwa ya watu ni siri. Hilo alilielewa bila kuelezwa. Akasaini.

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili. Cha nyuma kilikuwa na dirisha dogo la juu, na humo ndimo ilimokaa meza na kompyuta waliyoinunua ikiwa imeshatumika na shule fulani. Bado ilikuwa na namba ya chokaa ubavuni. Cha mbele kilikuwa na hewa, kwa hiyo kitanda cha Bosi kilikaa cha mbele, chini ya dirisha.

Na hapo ndipo palikuwa na shida, maana Bosi hakuwa mtoto wa kuachwa peke yake. Alizaliwa kabla ya siku zake. Maziwa yalimpalia ovyo. Alipokuwa na miezi mitatu yalimpalia usingizini, midomo ikawa ya bluu, na mama yake alimgeuza kifudifudi juu ya mkono akimpiga mgongoni huku akiita majina ya watu wote aliowajua, hai na marehemu. Nesi aliwaambia: "Mtoto huyu msimlaze mahali ambapo hamumsikii. Na mwandike. Amelala saa ngapi, ameamka saa ngapi, amenyonya saa ngapi. Kila siku."

Daftari likanunuliwa. Na Baba Bosi, ambaye ni fundi mwashi lakini anapenda kuchokonoa vitu vya umeme, akaja na wazo. Alichukua simu yake ya zamani iliyopasuka kioo, akaitundika kwenye msumari juu ya kitanda, akaitia programu ya bure ya kusikiliza. Mtoto akipumua huku mbele, pumzi inasikika kwenye simu ya mama kule nyuma. Tangu siku hiyo kitu kile kiliitwa sikio. "Umewasha sikio?" "Sikio lina chaji?" "Usiliguse sikio, litaanguka." Miezi mitano ikapita, hakuna mtu ndani ya nyumba ile aliyewahi kuliita tena simu.

Kwa mpango huo Mama Bosi alifanya kazi na mtoto akabaki naye. Upande wa pili ulikuwa unajulikana, umeshazungumzwa na kumalizwa. Kazi ya nyumbani ikishindikana, yeye anarudi kwenye dobi ya hoteli, kuanzia alfajiri mpaka jioni, kwenye mashine za mvuke ambako mtoto haruhusiwi hata getini. Na Bosi anachukuliwa na bibi yake, mama wa mumewe, safari ya siku nzima kwa basi, mpaka akue kidogo. Bibi hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu zaidi. "Mwanangu, si nakunyang'anya," alisema kwenye simu. "Nakupunguzia. Jumamosi nakuja kuwaona. Nakuja na begi dogo tupu. Mkiona mnaweza, narudi nalo tupu."

Mama Bosi aliliota hilo begi tupu mara mbili.

Msimamizi wa kazi alipiga simu saa nane mchana siku hiyo hiyo, Jumanne. Ni mwanamke ambaye Mama Bosi hajawahi kumwona, sauti tu, kavu, ya mtu anayezungumza huku anasoma.

"Mama Bosi, nina taarifa nyekundu kumi na saba kutoka kwenye mashine yako. Siku mbili."

"Hata mimi naziona, dada. Zinanitokea usoni."

"Kuna nini huko?"

"Sijui, dada. Naambiwa kuna mtu anataka kuingia. Simwoni."

"Sikiliza. Ile programu mpya ya ulinzi tuliyokuwekea jana asubuhi huwezi kuizima, pasiwedi ninayo mimi. Ofisi imesema hivi: nataka chanzo, kwa maandishi, mwisho Ijumaa saa kumi. Bila hivyo mashine inafungwa. Ikifungwa, sitakudanganya, hawafungui tena."

"Nimesikia, dada."

"Usiniitikie tu. Tafuta."

Jioni Baba Bosi alirudi na vumbi la saruji kwenye nyusi. Alisikiliza habari yote amesimama, kisha akauliza swali ambalo kila mwanaume huuliza.

"Umeizima ukaiwasha?"

"Mara sita."

"Ulisubiri kidogo kabla ya kuiwasha?"

"Baba Bosi, nilisubiri mpaka nikapika."

Akakuna kichwa, saruji ikadondoka. "Basi tumwite fundi."

Kabla fundi hajaja, Mama Bosi alifanya alichoweza kukifanya mwenyewe, yaani kuandika. Jumatano asubuhi alifungua daftari la Bosi, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto usingizi wa mtoto kama kawaida, kulia saa za kisanduku chekundu. Kufika saa sita alikuwa na maonyo manane. Aliyaangalia yale maandishi yake ya duara, akayasoma tena kuanzia juu.

Bosi kalala saa tatu na robo. Onyo la kwanza saa tatu na dakika kumi na nane. Bosi kaamka saa nne na nusu. Maonyo yamekoma. Bosi kalala saa tano na nusu. Onyo saa tano na dakika thelathini na tatu.

Yeyote aliyekuwa akibisha kwenye kompyuta yake alikuwa anajua mtoto amelala saa ngapi.

Alikwenda dirisha la mbele akachungulia. Mtaa ulikuwa mtaa. Mwanamke anafagia, baiskeli imeegeshwa, wateja wawili wamekaa kwenye benchi la kinyozi wameinamia simu zao. Mmoja akainua uso, macho yao yakakutana. Mama Bosi akavuta pazia. Kisha akaona haitoshi, akabana pindo la pazia kwa vibanio vya nguo, vitano, kuanzia juu hadi chini. Chumba kikawa giza saa sita ya mchana. Joto likapanda. Akaketi kando ya kitanda cha mwanawe, hawezi kufungua dirisha, hawezi kurudi kwenye kompyuta, hawezi kutoka kwenda hata dukani, anasikiliza pumzi ya mtoto na hatua za wapita njia kana kwamba zote zinakuja kwake.

Fundi wa kompyuta alifika saa tisa. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye mfuko wa nyaya begani na mazoea ya kuongea na mashine. "Haya bibie, unaumwa wapi?" aliiambia kompyuta, akaketi. Mama Bosi kwanza alizifunga kadi zote za watu zilizokuwa kwenye kioo, ndipo akamwacha aguse.

Fundi alibonyeza hapa, akafungua pale, akasoma zile tarakimu zenye nukta.

"Mama, mtu wako hayuko mbali."

"Yuko wapi?"

"Unaona namba hizi zinavyoanza? Si za nje huko duniani. Ni za ruta yenu hii hii. Mtu yuko humu humu ndani, anapita anabisha mlango mmoja mmoja, wa kwanza, wa pili, wa mia, anatafuta upi uko wazi. Programu yako inamwona, inapiga kelele. Inafanya kazi yake, maskini. Ruta ni ya nani?"

"Ya kinyozi. Anatugawia wapangaji."

"Aaah." Fundi alivuta hiyo aaah kama mtu aliyepata kiti baada ya kusimama siku nzima. "Na wateja wake?"

"Nao anawapa. Pasiwedi ameibandika kwenye kioo."

"Kwenye kioo! Si angeitangaza msikitini na kanisani kabisa?" Akacheka mpaka mfuko ukatingishika. "Haya, nyie wenyewe hapa ndani mna vitu gani vinavyotumia mtandao? Nitajie."

Mama Bosi alihesabu kwa vidole. "Kompyuta hii. Simu yangu. Simu ya mume wangu, lakini yuko nayo kazini."

"Kingine? Runinga?"

"Inashika kwa antena."

"Basi?"

"Basi."

Na alikuwa anasema kweli yake yote. Nyuma ya mgongo wake, kwenye simu iliyokuwa mezani, Bosi alikohoa kidogo usingizini, na mama yake akageuza sikio upande ule bila hata kujua amegeuza.

Fundi aliandika karatasi, akatia sahihi yenye mikia mingi: Chanzo ni watumiaji wa nje wanaotumia ruta ya jirani, mwenye duka la kunyoa. "Mpelekee msimamizi wako hii. Na kinyozi mwambie abadili pasiwedi, awape nyie tu. Mtu wenu atabaki nje analia."

Kwenda kwa kinyozi kulikuwa kugumu. Alimbeba Bosi mgongoni, akasimama mlangoni mwa duka, mashine ya kunyolea inanguruma, na mteja kichwa kimenyolewa nusu.

"Wakubwa wamekuja wenyewe leo," kinyozi alisema.

"Kaka, nina tatizo." Akalieleza. Alijitahidi kulieleza taratibu, lakini neno lilipofika kwenye wateja, benchi zima likanyanyua macho.

"Ati mimi nakaa na wezi?" kinyozi akauliza. Alizima mashine. "Mama Bosi, mimi nakupa mtandao wangu, wewe unaniletea upelelezi?"

"Sijasema wewe, kaka."

"Umesema wateja wangu. Wateja wangu ndio mimi."

Yule mwenye nusu kichwa akadakia, "Mimi mwenyewe nashindwa kufungua hata simu yangu, nitafungua kompyuta ya mtu?" Watu wakacheka. Mama Bosi hakucheka. Alisimama tu pale, mtoto mgongoni, machozi yakimlengalenga, na nadhani hilo ndilo lililomshinda kinyozi. Alibandua karatasi kwenye kioo, akaichana mara mbili, akabadili pasiwedi kwa simu yake huku akiminya midomo, akamwandikia mpya kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu.

"Wewe, na mumeo. Basi. Wengine wote nimewafungia kwa ajili yako."

Aliondoka na manung'uniko ya benchi mgongoni, juu ya mtoto.

Alhamisi kompyuta ilikaa kimya. Hakuna ting hata moja. Mama Bosi alichapa kadi arobaini, hamsini, sitini. Alichapa kama mtu aliyeona mlango wa gereza umesahauliwa wazi na anaogopa kukimbia asije akagutusha walinzi. Alikuwa kwenye kadi ya sitini na nne aliposhtuka: kumekuwa kimya mno. Si kompyuta peke yake. Simu pale mezani nayo haikuwa inatoa hata pumzi.

Akainuka, kiti kikaanguka, akafungua mlango.

Bosi alikuwa ameamka zamani. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, uso umevimba, maziwa yamemtoka puani na kugandia shavuni, na sasa alikuwa anapwita tu kwa kwikwi, amechoka. Mama alimnyanyua, akamsafisha pua kwa mdomo wake mwenyewe, akamzungusha chumba kizima akimwambia, "Nipo, bosi wangu, nipo, nipo." Ila moyoni alijua kwamba kwa muda ambao hata hawezi kuusema, hakuwepo.

Baba Bosi alipofika jioni alilishusha sikio kwenye msumari, akalitazama. "Si kinyozi kabadili pasiwedi? Hili lina ile ya zamani. Haliwezi kusema na simu yako." Akamshika mkewe kiganja, akasoma wino uliofifia, akabonyeza bonyeza, akalirudisha msumarini. "Limepona."

Ijumaa, Bosi alilala saa mbili na dakika hamsini. Saa mbili na dakika hamsini na tatu, ting.

Mama Bosi alikitazama kisanduku chekundu. Hakukibonyeza. Mtu aliyefungiwa nje na kinyozi alikuwa amerudi ndani, na pasiwedi mpya walikuwa nayo wao tu. Jana hakuwepo. Jana hakukuwa na kisanduku, hakukuwa na pumzi ya Bosi. Vyote viwili viliondoka pamoja, na vyote viwili vimerudi pamoja, baada ya mume wake kusema limepona.

Alikwenda chumba cha mbele polepole kama anayemnyatia kuku. Akalizima sikio. Akasimama kando ya kitanda, mkono juu ya tumbo la mtoto, akahesabu dakika kumi kwenye saa ya ukutani. Alikuwa ameacha mlango wazi, na kompyuta ikawa kimya. Akaliwasha. Dakika ya kwanza. Ya pili. Ya tatu haijakwisha, ting.

Kumbe lilikuwa linamtafuta yeye. Sikio la bure, programu ya bure, halikujua simu ya mama iko wapi kwenye mtandao, kwa hiyo kila baada ya dakika chache lilikuwa linapita linabisha kila mlango: mama yake Bosi yuko hapa? Yuko hapa? Na walikuwa wakiliwasha pale tu mtoto anapolala. Hakuna aliyekuwa anawachungulia. Alivitoa vibanio vya pazia kimoja kimoja, na aibu ikimpanda shingoni.

Ndipo akaitoa ile karatasi ya kanuni tisa kwenye bahasha, akaisoma yote safari hii, kidole kikifuata mistari. Ya saba ilisema: kusiwe na chombo chochote cha kunasa au kurusha sauti kwenye mtandao unaotumika kwa kazi hii. Chini kabisa, sahihi yake. Aliisaini na sikio limetundikwa msumarini, na hakuona uongo wowote, kwa sababu aliposoma chombo cha kunasa sauti alimfikiria mpelelezi mwenye kofia. Hakumfikiria mwanawe.

Alikaa kwenye kiti, mbele yake karatasi mbili. Ya fundi ilimtaja kinyozi, ilikuwa na sahihi nzuri, na ingepita. Angelizima sikio, akatuma karatasi, na hakuna ambaye angejua. Lakini kinyozi angebaki ameandikwa ofisini kuwa anakaa na wezi. Na akisema kweli, kanuni ya saba ilikuwa pale, na begi tupu lilikuwa linapanda basi kesho alfajiri. Na hata akipona huku na kule, sikio halirudi tena. Mlango ufungwe, mtu mwingine asiwemo, na mtoto awe upande wa pili anapaliwa bila kusikika. Kila alikogeuka palikuwa na ukuta. Bosi akageuka kitandani, mama yake akamsikia kupitia mlango ulio wazi ambao haukutakiwa kuwa wazi.

Saa tisa alipiga moyo konde, akapiga simu.

"Dada, chanzo nimekipata. Ni mimi." Akaeleza, tangu nesi mpaka msumari. Hakutia chumvi, hakupunguza.

Upande wa pili karatasi ikafunuliwa.

"Kanuni ya saba umeisoma?"

"Nimeisoma leo."

"Umeisaini mwezi wa pili."

"Ndiyo, dada. Sisi kile kitu tunakiita sikio. Hata fundi aliniuliza nikamwambia hatuna kitu."

"Na fundi alisemaje?"

"Aliandika kuwa ni watu wa kinyozi. Karatasi ninayo hapa."

"Ungenitumia hiyo, ningeipokea."

"Najua. Kinyozi hajafanya kitu."

Mama Bosi aliikunja karatasi ya fundi katikati.

"Kizime hicho chombo," msimamizi alisema. "Si leo tu. Kisiwashwe tena hata dakika moja. Nitaandika: kifaa cha nyumbani, kimeondolewa. Nikiona nyekundu moja, moja tu, Mama Bosi, sitapiga simu. Nitafunga. Mlango ufungwe kama kawaida. Mtu mwingine asiwemo."

"Nimeelewa. Na mtoto nitamsikiaje?"

"Hilo halimo kwenye kanuni." Ile sauti kavu ikasita. "Wangu nilimpeleka kwa mama. Alikuwa mdogo kuliko wako. Sasa yuko darasa la kwanza, nikienda ananiita dada, kama unavyoniita wewe." Kisha akakata simu.

Mama Bosi alitoka na mtoto mpaka dukani kwa kinyozi. Alimkuta peke yake anapuliza nywele kwenye mashine.

"Kaka, mwizi nimempata. Alikuwa ametundikwa kwangu, juu ya kitanda cha Bosi. Wateja wako nimewasingizia. Nisamehe, na uwaambie nimeomba radhi."

Kinyozi aliweka mashine chini. "Kwa hiyo bosi wako ndiye alikuwa anakupeleleza?"

"Ndiye."

"Mabosi wote ndivyo walivyo." Akachukua kipande cha karatasi, akaandika pasiwedi mpya kwa herufi kubwa, akaibandika kwenye kioo. Bado alikuwa amenuna kidogo, lakini alimpa Bosi kitana kisicho na meno akichezee.

Kurudi ndani, alianza kusukuma vitu. Kitanda cha Bosi kilikuwa cha chuma, chenye magurudumu madogo, walipewa na jirani aliyehama. Alikivuta kutoka dirishani kwenye hewa yake, akakipitisha kando ya kabati, akakigandamiza kwenye mlango wa chumba cha nyuma, upande wa nje. Mlango ule ulifunguka kwa kusukumwa kuelekea chumba cha mbele. Akaufungua kidogo, akapita kwa ubavu, akafyonza tumbo, akauvuta ukajifunga nyuma yake. Meza ilikuwa mbali, na waya wa umeme ulikuwa mfupi, kwa hiyo aliishusha kompyuta kwenye stuli, akaisogeza mpaka waya ukakaza. Kisha akaketi sakafuni, mgongo umeegemea mlango, kibodi juu ya mapaja, na kichwa amekiinamisha pale chini penye uwazi wa vidole viwili, unaopitisha upepo.

Aliisikia. Pumzi ya Bosi, inakwaruza kidogo mwishoni kama kawaida yake. Ilikuwa karibu kuliko ilivyowahi kuwa kwenye simu.

Akachapa. Kadi ya kwanza, ya pili. Magoti yakaanza kuuma, akayanyoosha mpaka miguu ikagusa stuli. Chumba kilikuwa kidogo kuliko alivyowahi kukiona, kile kidirisha cha juu kikimwonyesha mbingu ya ukubwa wa leso. Hawezi kusimama bila kusogeza mlango, hawezi kusogeza mlango bila kusogeza kitanda. Akijaribu kujinyoosha, mgongo unasukuma mbao, mbao zinasukuma chuma, magurudumu yanakwenda sentimita mbili na kurudi, na mtoto upande wa pili anaguna na kulala zaidi.

Baba Bosi alifika saa kumi na mbili kasoro, akavua viatu, akaona kitanda kilipo.

"Mama Bosi? Uko wapi?"

"Huku ndani. Usipaze sauti."

"Umefungiwa na nani?"

"Na mwanao."

Alisikia anachuchumaa. Vidole vyake vyenye saruji vikaingia chini ya mlango, vikagusa sketi yake. Alimweleza yote kwa kunong'ona kupitia uwazi ule, bila kuacha kuchapa, maana hiyo ni kazi ambayo vidole vyake viliijua. Mume akaketi naye sakafuni.

"Na utakaa hivyo kila siku?"

"Mpaka ajue kuita."

"Mgongo utakuuma."

"Unauma tayari."

Akapumua, naye. Sasa zilikuwa pumzi mbili upande ule. "Mama amepiga simu. Yuko stendi anakata tiketi ya kesho. Anauliza, aje na begi au asije nalo?"

Mama Bosi alisimamisha vidole. Mtoto alikohoa mara moja, mara mbili, na wote wawili, mmoja kila upande wa mlango, wakanyamaza kusikiliza. Kikohozi kikapita. Pumzi ikarudi mahali pake.

"Mwambie aje na mto," alisema. "Mgumu kidogo, wa kukalia sakafuni."

Kisha akavuta kadi inayofuata, ya mwanamke wa miaka ishirini na tatu, mimba ya kwanza, akaanza na jina.